Grupu likishakubana: jinsi ya kuamua kutoka, na kutoka vizuri

Niliingia kwenye grupu la wazazi wa watoto njiti usiku wa nne baada ya kujifungua. Binti yangu alizaliwa wiki ya 30 akiwa na kilo 1.3, yeye yuko kwenye chumba cha joto na mipira puani, mi niko wodini na simu tu, na sikuwa namjua mtu hata mmoja aliyewahi kupita njia hiyo. Grupu lile lilinibeba, nalisema hili mwanzoni kabisa ili usije ukadhani nimekuja kuponda magrupu. Nimekaa humo miaka 6, miwili ya mwisho nikiwa admini, na kuamua kutoka kulinichukua karibu mwaka mzima wa kusitasita, leo natoka kesho nabaki, kwa iyo haya nnayoandika ndo yale ambayo nlitamani mtu mzima aliyekwisha kupita anikalishe chini aniambie.

Naongea na mtu ambae grupu halijamkosea. Kama unatukanwa, kuna mtu anakusumbua inboksi au umeona dalili za utapeli, hapo hamna cha kutafakari, toka leo, mbloki na uripoti. Na grupu la kazini ambalo huwezi kutoka bila kukosa taarifa nalo halimo humu, lile zima sauti uendelee na maisha yako. Mi nazungumzia lile grupu zuri, watu wazuri, ambalo lilikufaa kweli kweli alafu siku moja ukilifungua unahisi kama umevaa shati la mwaka juzi, halijachanika, halina doa, ila mabegani limebana.

Kwanza ujue unachohisi ni kitu gani

Kuna vitu vitatu vinafanana sana na watu wengi wanavichanganya: hasira, uchovu na kukua.

Hasira utaijua kwa sababu ina mtu ndani yake. Ukifikiria kutoka unamuona fulani akisoma kwamba umetoka, unamuona akijuta. Kama picha inayokujia kichwani ni ya wao watakavyojisikia, we bado uko ndani ya grupu hata kama kidole kiko kwenye kitufe, na ukilefti saivi ndani ya wiki utakuwa unaomba linki ya kurudi. Subiri ipoe.

Uchovu wenyewe unatibika kwa kupumzika, yani ukikaa mbali kidogo unaanza kuwakumbuka, unajiuliza yule mama aliyekuwa anasubiri majibu ya vipimo imekuaje. Ukiona hivo, tatizo ni kwamba ulikuwa unajibu meseji nyingi kuliko nguvu zako, basi punguza, usiondoke.

Kukua ni kitu kingine na hakina kelele, ndo maana kinachelewa kutambulika. Ntakupa dalili nilizoziona kwangu. Ya kwanza, nlikuwa najibu maswali kila siku lakini sikukumbuka mara ya mwisho mimi kuuliza swali ilikuwa lini, nikatafuta nikakuta ni miaka mitatu nyuma. Ya pili, majibu yangu nlikuwa nayakopi kutoka kwenye meseji zangu za zamani, nabadilisha jina la mtu tu. Ya tatu ndo iliyonigusa zaidi, nlianza kuficha maisha yangu. Binti yangu ameanza darasa la kwanza, nina picha yake na begi mgongoni, nimeifungua niitume, nikakuta dakika chache juu yake kuna mtu kaandika mwanae hajaamka asubuhi ile. Nikaifuta. Nilifanya sawa kuifuta, na hakuna aliyekosea pale, ila nikagundua kwamba jambo kubwa kuliko yote kwenye nyumba yangu mwaka ule halikuwa na mahali pa kukaa ndani ya grupu ambalo naliita la kwangu. Ukianza kuficha ulivyo ili uendelee kufaa mahali, jua umeshapazidi.

Alafu kuna dalili moja mbaya kidogo ambayo ukiiona usicheleweshe: unaanza kukasirikia maswali ya wageni. "Si limeulizwa jana?" "Kwani hamsomi pini?" Hili siyo jambo jipya duniani. Enzi za Usenet, yale magrupu ya majadiliano ya zamani, kabla intaneti haijawa ya watu wote, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walikuwa wanaingia na maswali yao ya mwanzo, wenyeji wanalalamika mwezi mmoja hivi alafu wageni wanazoea. Kuanzia 1993 watu wapya wakawa wanaingia mfululizo bila kukatika, wenyeji wakakipa kipindi kile jina, Septemba isiyoisha. Nikiwafikiria wale wenyeji nawaelewa, lakini nafikiria pia yule aliyeuliza, kwake yeye swali lile ni la kwanza maishani. Mzazi anaeuliza saa nane usiku kwamba mtoto wa gramu 900 ataishi hajalirudia swali la mtu. Kama swali lake linakuchosha, kosa halipo kwake wala kwako, ni kwamba we umeshavuka na yeye ndo anafika.

Jaribu kutoka kabla hujatoka

Usiamue kichwani, jaribu kwa mwezi mmoja. Limyuti grupu, na ukiwa WhatsApp usichague masaa 8 wala wiki, chagua daima, alafu lipeleke kwenye akaivu. Tangu 2021 grupu lililoko kwenye akaivu linabaki huko huko hata meseji mpya zikiingia, kwa iyo halitakuwa linakurukia kila unaposhika simu. Waambie maadmini wenzako au mtu mmoja unaemuamini kuwa unapumzika mwezi, basi, usitangaze.

Ndani ya huo mwezi hujakatazwa kufungua. Fungua ukitaka, ila kila ukifungua andika mahali neno moja tu la kwa nini umefungua: nimeuliza, nimejifunza, nimesaidia, au nimechungulia. Mi nliandika kwenye nouti za simu. Mwisho wa mwezi ukikuta kujifunza na kuuliza vipo hata mara chache, baki, bado linakulisha. Ukikuta karibu yote ni kuchungulia, unalo jibu, hata kama halijakupendeza.

Kwangu lililonisumbua lilikuwa lile neno "nimesaidia", maana nlikuwa nalo, na nililitumia kama sababu ya kubaki. Nikiondoka nani atawajibu? Na hofu hii siyo ya kujitakia sifa, ina ukweli wake. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo ya tovuti, aliandika 2006 kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni kati ya watu 100 kama 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja, na 1 ndo anaeandika sehemu kubwa ya vyote. Ukiwa wewe ndo yule 1, pengo utaliacha kweli.

Lakini ngoja nikusimulie kilichotokea wiki ya pili ya ule mwezi. Mama mmoja aliuliza namna ya kuhesabu umri wa mtoto njiti. Hili swali lilikuwa langu, kila mtu alijua ni langu, unatoa wiki alizowahi, yani kama kazaliwa wiki ya 30 unatoa 10, na unaendelea kuhesabu hivo kwa kawaida mpaka afike miaka miwili. Nikalishika vidole vinanikuna, nikajizuia. Haikupita nusu saa akajibu mdada ambae mwanae alikuwa ametoka hospitali miezi mitatu tu nyuma, akaeleza vile vile, alafu akaongeza maswali ya kumuuliza daktari siku ya kliniki, na namna alivyoonyeshwa kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi akiwa bado ana mpira wa kulishia, vitu ambavyo mi sikuwahi kuonyeshwa au nlishasahau. Jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu. Mimi nlikuwa naeleza barabara niliyopita miaka 6 nyuma, yeye viatu vyake bado vina vumbi la barabara ile.

Hapo ndo nlipoelewa kwamba ujuzi wetu wa humo nao unazeeka, na kwamba nlivyokuwa nawahi kujibu kila kitu, watu kama yule mdada walikuwa wanakaa kimya kwa sababu mkubwa kashaongea. Jiulize hili kwa uaminifu kuhusu grupu lako, liwe la kujifunza kuandika programu, la wakimbiaji wanaoanza, la watu waliofiwa, la mchezo wa kwenye simu: nikinyamaza, nani atapata nafasi ya kusema?

Hapa nasimama kidogo nikuonye. Kama ni grupu la watu wanaoacha pombe au dawa, au la ugonjwa, au umewahi kufikiria kujidhuru na ni wale watu waliokushika, usitoke kwa sababu tu mwezi huu unajisikia vizuri. Hakikisha kwanza kuna mtu au sehemu nyingine iliyoshika hiyo nafasi, iwe mshauri, daktari au ndugu anaejua hali yako yote. Ukishakuwa na hicho ndo urudi kwenye haya mengine.

Lipa unachodaiwa

Ukishaamua, usibonyeze siku hiyo hiyo. Kuna kazi ya kama wiki moja au mbili na ndo inayotofautisha mtu aliyetoka na mtu aliyetoroka.

Kama unashika pesa za michango, hii ndo ya kwanza kuliko zote. Andika hesabu, kilichoingia na kilichotoka na kilichobaki, ikabidhi kwa mtu aliyechaguliwa mbele ya grupu, na akiri kupokea kwa maandishi humo humo ndani. Usiondoke na hata senti ambayo haina maelezo, jina likichafuka kwenye hili hakuna kitakacholisafisha.

Kama we ni admini, ongeza wengine kabla. Kwenye WhatsApp admini ukiwa peke yako ukatoka, mfumo wenyewe unamchagua mtu mwingine ovyo ovyo, anaweza akawa mtu ambae hata hafungui grupu, na wageni wakabaki mlangoni. Discord ndo haikuruhusu kabisa, mwenye seva, yani mwenye grupu la huko, hawezi kuondoka mpaka aihamishie kwa mtu mwingine au aifute. Telegram nayo ukitaka kumkabidhi mtu umiliki inataka uwe umewasha nywila ya hatua ya pili na iwe imekaa angalau siku 7, kwa iyo iwashe mapema usije ukakwama siku ya mwisho. Kama kuna baruapepe ya grupu, faili za pamoja au fomu ambazo ziko kwenye akaunti yako binafsi, zihamishe, maana siku utakayosafisha akaunti yako utazifuta bila kujua na watu wataingia kwenye linki iliyokufa.

Alafu kuna deni la ujuzi. Mi nilikaa siku tatu jioni nikakusanya yale maswali yanayorudi, nikayajibu kwa mara ya mwisho kwa utulivu, nikamuomba yule mdada ayapitie arekebishe yaliyopitwa, faili likatoka na majina yetu wote wawili na likawekwa kwenye pini. Ile ndo kazi nnayoithamini kuliko miaka yote miwili ya uadmini. Ukifanya kimoja tu katika haya nnayosema, fanya hiki.

Na kuna watu, siyo grupu, watu. Wale wawili watatu wanaokutafuta pembeni. Wapigie au watumie voisi kabla hujatoka, wasikute tu jina lako halipo. Waambie wazi kama wanaweza kuendelea kukutafuta na kwa mambo gani, kama huwezi tena kupokea simu za usiku sema, inauma kusema lakini kumuacha mtu anapiga simu ambayo haitapokelewa inauma zaidi.

Uage au usiage?

Watu wanabishana sana kwenye hili. Msimamo wangu ni kwamba grupu likiwa dogo, watu mnajuana kwa majina na mmeshalia pamoja, aga. Likiwa la mamia ya watu ambao wengi hawajui hata upo, toka kimya. Tangu 2022 ukijitoa grupu la WhatsApp wanaopata taarifa ni maadmini tu, ila jina lako litaonekana kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60 kwa anaetaka kuangalia. Facebook na Discord zenyewe kwa kawaida hazitangazi.

Ukiaga, iwe fupi. Usieleze nini kimeharibika, maana hakuna kilichoharibika, na ukianza kutaja kasoro utaacha watu wanajitetea na wengine wanakuunga mkono na grupu zima linagawanyika nyuma yako wakati we hupo tena hata wa kutuliza. Usidanganye pia. Watu wanapenda kusema simu imejaa, sijui bando, unajikuta mtu mwema anakutafutia ufumbuzi na kukurudisha ndani. Usiseme "nikipata nafasi ntarudi" kama haurudi. Na angalia kinachoendelea kabla hujatuma, kama kuna mtu yuko kwenye msiba au anasubiri msaada, kwaheri yako inaweza kusubiri siku tatu.

Mi niliandika hivi:

"Habari zenu wapendwa. Binti yangu ameanza shule na mimi nimefika mahali pa kuwapisha wengine kwenye grupu hili. Mlinishika mkono usiku ambao sikuwa na mtu mwingine, sitawasahau. Faili la maswali lipo kwenye pini na maadmini watatu wapo. Wenye namba yangu tuko pamoja. Naondoka kesho jioni."

Ile "kesho jioni" niliiweka makusudi, mtu apate muda wa kusema neno kama analo, na mimi nisome. Usitume alafu ukatoka sekunde hiyo hiyo, inakuwa kama kubamiza mlango kwa mkono ule ule uliopungia. Wakikuomba ubaki, shukuru, usibishane wala usitoe sababu mpya, sababu mpya zinaleta majadiliano mapya. Muda ukifika toka.

Vitu vya kiufundi vya kukumbuka

Kutoka hakufuti ulichoandika. Meseji zako zinabaki kwenye simu za wenzako, na posti zako za Facebook zinabaki ndani ya grupu. Kama kuna picha ya mtoto, namba ya simu au habari ya hospitali ambayo hutaki ibaki, kwenye posti za Facebook na Discord zifute ukiwa bado ndani. WhatsApp inakupa siku mbili na ushee tu za kufuta meseji kwa wote, za miaka ya nyuma huwezi tena, kwa iyo unachoweza ni kumuomba aliyenayo.

Ukitaka kumbukumbu, toa mazungumzo kabla, WhatsApp ina sehemu ya kuyahamisha yote yakawa faili la maandishi. Kama kuna aliyewasha kwenye grupu ile faragha ya ziada iliyokuja 2025, kuhamisha kunazuiwa, na hapo heshimu. Faili hilo lina siri za watu wengine, liweke peke yako, usimtumie mtu.

Na kwenye mipangilio ya faragha chagua nani anaruhusiwa kukuongeza kwenye magrupu, weka watu waliopo kwenye namba zako tu, la sivyo mtu mwenye upendo atakurudisha kesho yake.

Wiki za kwanza

Mkono utaenda wenyewe. Wiki mbili hivi nlikuwa naamka nafungua simu nikilitafuta, na siku nyingine nahisi nimewatelekeza. Usiombe mtu aliyebaki akutumie skrinishoti, usiulize "vipi huko", hiyo ni kubaki dirishani. Usikimbilie pia grupu lingine la aina ile ile kujaza ule muda. Ukiwakumbuka watu, mpigie mtu, mmoja, muongee mambo yenu hata yasiyohusu kilichowakutanisha, mi nina wawili ambao saivi tunaongea kuhusu kila kitu isipokuwa watoto wetu kuzaliwa mapema.

Jambo la mwisho nililofanya, na nakushauri na wewe ulifanye, nilifungua lile faili la mazungumzo nikaenda juu kabisa, kwenye meseji yangu ya kwanza. Saa tisa usiku. "Samahanini mimi ni mgeni, mwanangu ana kilo 1.3, kuna ambae wake alikuwa hivyo?" Na chini yake, dakika nne baadae, mwanamke mmoja kajibu, "Wangu alikuwa na 1.1. Amelala hapa pembeni yangu ana miaka mitatu. Uliza chochote." Namba yake nlikuwa nayo sijawahi kuipiga. Nikampigia kumshukuru. Akanambia yeye alitoka kwenye lile grupu miaka minne iliyopita, na mi nlikuwa humo muda wote huo, sikuwahi kugundua.